Kipande Kisichoogeshwa

Kitu cha kwanza kuharibika katika nyumba ile kilikuwa shati, tena shati ambalo hakuna aliyelivaa. Lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wa sebule mwaka mmoja na miezi minne, tangu lilipotoka hospitalini likiwa limekunjwa ndani ya mfuko, bila mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa fundi wa kuchonga funguo. Watu walimwita Funguo, na mkewe naye alimwita hivyohivyo, maana jina likishakaa limekaa. Mkewe alikuwa fundi wa meno bandia, na mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Meno. Watoto Mungu hakuwajalia. Walichokuwa nacho ni tangi la kioo la maji ya chumvi, lililosimama sebuleni likiunguruma usiku na mchana, na ndani yake matumbawe hai ambayo Funguo aliyapenda kuliko samaki.

“Samaki anakukimbia,” alikuwa akisema. “Tumbawe linakaa.”

Alipofariki, matumbawe nayo yakaanza kumfuata, moja baada ya jingine. Mama Meno hakuwa anajua mengi, lakini nyumba isiyo na hata tangi la kuangalia aliiogopa. Akajiunga na kundi la simu la watu wanaouziana vipande vya matumbawe. Na watu wale wana mambo! Wanapiga picha chini ya taa kali za buluu, kipande kinawaka zambarau na kijani mpaka unameza mate. Unalipa. Kinafika ndani ya mfuko wa maji, unakifungua, kahawia. Ukilalamika wanakucheka, unaambiwa subiri. Na kweli, ukisubiri, wakati mwingine rangi inakuja, kwa sababu tumbawe likihama hubadilika. Mwanga ni mwingine, maji ni mengine, chakula ni kingine. Lililokuwa zambarau kwa mwenzako linaweza kuwa kijani kwako, na hakuna aliyekudanganya.

Siku moja akaona tangazo la mtu anayejiita Mkulima wa Chumvi. Picha ilipigwa kwenye mwanga wa kawaida, na kipande hakikuwa na rangi yoyote. Kilikuwa cheupe tu, kama jino ambalo halijachomwa tanuruni. Chini yake palikuwa na maneno machache: “Kitachukua rangi ya nyumba yako.”

Wenzake kundini walicheka. Mmoja akaandika kwamba hiki ndicho kipande cha kwanza cha ukweli kuuzwa humu. Mama Meno alikinunua.

Sasa sikiliza kosa lilipo. Kipande kipya hakiingizwi tangini hivihivi. Kinaogeshwa kwanza dakika kumi kwenye dawa ya kahawia, kisha kinasuuzwa, kwa sababu huwezi kujua kimebeba nini, na kitu kikishaingia kwenye maji yako, kukitoa ni shughuli. Hata wageni kabisa kundini wanalijua hilo. Lakini ndani ya boksi palikuwa na karatasi imeandikwa kwa mkono: “Tafadhali usikiogeshe.” Na Mama Meno alikuwa ametoka kazini amechoka, na kipande kilikuwa kidogo na cheupe mno, akakionea huruma. Akakizamisha moja kwa moja, akakisimamisha juu ya jiwe la katikati.

“Karibu,” akakiambia. “Hapa hakuna fujo. Niko peke yangu.”

Wiki mbili hakikubadilika. Kila jioni alikaa mbele ya tangi na daftari, kama alivyozoea kazini, akaandika: cheupe, bado cheupe. Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, kilikuwa buluu. Siyo buluu ya taa. Aliwasha taa nyeupe akakitazama vizuri, na kwa jicho lake lililopambanua rangi za meno ya watu kwa miaka kumi na tisa, alijua ni buluu ipi. Akaandika akitabasamu: “Buluu ya shati la Funguo, hasa ile ya kwenye kola.” Kisha akageuka alinganishe, maana fundi ni fundi. Shati nyuma ya mlango lilikuwa la kijivu, kama maji yaliyooshewa vyombo.

Alimpigia simu dada yake, aliyeishi mji mwingine na aliyekuwa na jibu la kila kitu.

“Ni jua hilo, mdogo wangu.”

“Liko nyuma ya mlango, dada. Jua litafika vipi?”

“Basi sabuni. Sabuni za siku hizi zinakula nguo.”

“Sabuni gani, na mimi silifui?”

“Hulifui? Mwaka mzima? Hee! Nakuja Jumamosi.”

“Usijisumbue. Niko salama.”

“Nimesema nitakuja. Kama siyo hii, basi ile nyingine.”

Kesho yake jioni, taa nyeupe za tangi zilijizima saa kumi na moja kama kawaida, zikabaki za buluu, na kioo kikawa kama kioo cha kujitazamia. Ndani yake Mama Meno alijiona amekaa, na nyuma yake akaona kiti cha Funguo, kile cha mbao chenye mto uliobonyea. Juu ya kiti palikuwa na shati la buluu. Lilikuwa limekaa wima, limejaa, linapanda na kushuka taratibu, bila mikono wala kichwa.

Aligeuka. Kiti kilikuwa kitupu.

Akatazama tena kioo. Shati lipo. Kisha akasikia, chini ya mngurumo wa pampu, sauti ya shada la funguo likiwekwa mezani, chriing, na pua yake ikashika harufu ya shaba ya moto, ile harufu ya ufunguo uliotoka kuchongwa, iliyokuwa ikiingia na Funguo kila jioni na kukaa kwenye viganja vyake hata baada ya kunawa. Mtu mwenye watu angepiga kelele, angekimbilia kwa jirani, angelala kwa shangazi. Yeye alikaa palepale, akasema neno alilokuwa akilisema miaka yote hiyo.

“Umechelewa leo.”

Usimcheke. Nyumba ikikaa kimya mwaka mmoja na miezi minne, hata mwizi unaweza kumkaribisha chai.

Baada ya hapo hakungoja tena kipande kijichukulie. Alikipelekea mwenyewe. Alitoa suruali ya kahawia kabatini, akaiegemeza kwenye kioo jioni, na asubuhi ilikuwa haina rangi, na kipande kilikuwa na mstari wa kahawia, na jioni ndani ya kioo aliyekaa kitini alikuwa na miguu. Alipeleka viatu. Alipeleka kofia. Ngozi ilimpa kazi, kwa sababu ngozi haikai kabatini, mpaka akakumbuka picha. Akashika simu mbele ya tangi, akaifungua picha moja baada ya nyingine, akinong'ona kama mtu anayemwonyesha mgeni albamu: huyu ni yeye siku tulipohamia hapa, huyu ni yeye anaosha tangi, huyu ni yeye amenuna kwa sababu sikumsubiri tule, na kila picha aliyoionyesha ilififia mkononi mwake, kwanza kijivu, kisha nyeupe, naye hakuacha, kwa sababu kila picha iliyokufa kwenye simu iliongeza kitu kitini, shingo, sikio, kovu la tindo kwenye kidole gumba, na ilikuwa tamu mno kuona mtu anaongezeka ndani ya nyumba ambayo kwa muda mrefu vitu vilikuwa vinapungua tu.

Kitu kimoja hakikuja. Mtu wa kwenye kioo aliweka kiganja mdomoni, na hakukitoa.

Hilo nalo lilikuwa la Funguo kabisa. Alipokuwa kijana alipoteza jino la mbele, akazoea kujiziba. Hata picha zake zote zilikuwa hivyo, mkono mdomoni. Ndivyo walivyojuana. Alikuja maabara kutengenezewa jino, na Mama Meno akampeleka dirishani, akamlinganisha na lile shada la meno ya mfano kumi na sita, kila moja na rangi na namba yake. Alijua mara moja kwamba ni namba tisa. Lakini alimwambia mwanga leo si mzuri, rudi Alhamisi. Alhamisi akamwambia kuna mawingu. Mara ya tatu Funguo alisema, “Dada, kama unataka kunitazama nitazame tu, mimi nitakaa. Lakini jino nipe, watu wananicheka.” Jino alipata, mazoea hayakumtoka: tangu siku ile alijiziba mdomo mbele ya dunia nzima isipokuwa mbele yake.

Hospitalini walimrudishia jino lile ndani ya kikopo cha plastiki. Lilikuwa kwenye droo ya juu, pembeni ya kitanda.

Wiki ya sita daktari wa meno aliyekuwa akimpa kazi alimwita ofisini. Mezani palikuwa na daraja la meno bandia manne yaliyoungana, kazi ya mikono yake.

“Mama Meno, hii ni rangi gani?”

“Uliyoandika. Namba tisa.”

“Hii ni namba mbili, mama. Nyeupe kama sahani! Mgonjwa ana miaka sitini.” Aliupunguza ukali wa sauti. “Miaka kumi na tisa hujawahi kukosea. Unaumwa? Mbona hata midomo haina damu?”

“Siumwi, daktari. Nitairudia.”

Alirudi kwenye meza yake, akalishika jino la mfano la tisa, akaliangalia. Alijua kuna sababu ya yeye kulipenda jino hilo kuliko mengine yote. Aliitafuta sababu hiyo kichwani kwa muda mrefu na hakuipata.

Jioni alifungua daftari, pengine limwambie. Ukurasa wa wiki ya tatu ulisema: buluu ya shati la Funguo, hasa ile ya kwenye kola. Alitazama lile tambara la kijivu nyuma ya mlango. Alifumba macho alione shati lilivyokuwa. Hakuliona. Alijaribu kumwona mwenye shati akiingia mlangoni, akamwona amevaa kijivu. Alijaribu macho yake, nyusi zake, yale anayoyajua kama anavyojua kuta za nyumba yake, na kila alipogusa palikuwa peupe, kama zile picha za simu. Hapo ndipo hofu ilipomwingia kweli. Rangi hazikuwa zinatoka kwenye nguo tu. Zilikuwa zinatoka kwake. Siku mtu yule atakapokamilika kwenye kioo, kichwani mwa Mama Meno Funguo hatabaki hata kidogo.

Alitoka nje, akafunga mlango, akapiga namba ya simu iliyokuwa kwenye boksi.

“Mkulima wa Chumvi?”

Sauti ya mwanamume ilijibu, ndogo sana. “Ni kile cheupe, siyo?”

“Kimefika wapi kwako?” mwanamume akauliza tena kabla hajajibiwa.

“Kiganja kiko mdomoni,” Mama Meno akasema, na alishangaa kwamba naye alikuwa ananong'ona. “Ni nini hiki, baba? Ni jini?”

“Ni jini. Halina sura yake lenyewe, kwa hiyo linaazima. Mimi lilikuwa linamvaa mama yangu.”

“Na wewe ukaniandikia nisikiogeshe!”

“Dawa ingeliua. Dakika kumi tu, lingekufa.” Alikuwa analia. “Nilikitoa kwenye maji lilipoanza kutafuta uso, kikarudi cheupe. Nilitakiwa nikikaushe juani. Sikuweza, mama. Mama yangu alikuwemo. Nikasema bora aende kwa mtu mwingine, lakini awepo mahali. Nisamehe.”

“Nisikusamehe ndiyo iweje? Niambie la kufanya.”

“Saa sita mchana. Kitoe, kiweke juu ya bati kwenye jua mpaka kikauke kabisa. Usikiage. Usikiambie neno hata moja. Halina nguvu ya kukushika mkono, usiogope hilo. Litakusikitisha tu.”

“Na nikichelewa?”

“Likipata uso, wewe ndiyo huna. Utalitazama na hutajua unamtazama nani.” Akavuta pumzi. “Mimi uso wa mama ninao bado. Sina kingine, lakini uso ninao.”

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Mama Meno aliamka na uamuzi wake. Alitandika bati uani mapema ili lipate moto, akakunja mikono ya gauni, akangoja. Dada yake alikuwa ametuma ujumbe kwamba yuko njiani, safari hii kweli. Saa sita kasoro dakika mbili alisimama mbele ya tangi.

Mchana, taa zote zikiwa zinawaka, kioo kile hakiwezi kuonyesha kitu isipokuwa maji. Siku hiyo kilionyesha. Mtu yule alikuwa kitini, buluu na kahawia, kofia gotini, kiganja mdomoni. Harufu ya shaba ilijaa sebuleni mpaka ikamkwaruza koo. Alizamisha mkono mpaka juu ya kiwiko, vidole vikakigusa kipande, na kilikuwa na joto. Hakusema neno. Alikishika.

Ndani ya kioo mtu yule hakumtisha, hakumkodolea macho, hakuinuka. Alikisogeza kiti chake pembeni kidogo, kama Funguo alivyokuwa akifanya kila jioni, kumpa mkewe nafasi aone tangi.

Mkono ukasimama majini. Alijaribu kuukumbuka mdomo ulio nyuma ya kiganja kile, mdomo aliokula nao miaka kumi na sita, alioutengeneza mwenyewe, aliouona yeye peke yake duniani, na hakuupata; palikuwa peupe; picha hazipo, nguo hazipo, kichwa hakina kitu, na mahali pekee palipobaki na Funguo ni hapa, kwenye kioo hiki, chini ya kiganja hiki, na akikitoa kipande sasa na kukipeleka kwenye bati, basi atakuwa amemwua mara ya pili bila hata kumwona, atabaki na miaka mingine thelathini ya kukaa sebuleni hajui alikuwa anamlilia nani. Mara moja tu, akajiambia. Nimwone mara moja tu, halafu nakitoa. Nitakuwa na dakika moja. Mtu hawezi kusahau katika dakika moja.

Aliuchomoa mkono, mtupu, unadondosha maji sakafuni. Akaenda chumbani, akavuta droo ya juu, akarudi na kikopo. Jino lilianguka majini taratibu, likalala kwenye jiwe la katikati, na kipande kikafunguka juu yake na kulifunika.

Mtu wa kwenye kioo alishusha kiganja. Akatabasamu.

Mama Meno alimtazama. Alikuwa mwanamume wa makamo, sura ya upole, si mzuri wala si mbaya. Alimtazama tena vizuri, kwa adabu, kama unavyomtazama mtu aliyekusalimia kwa jina nawe humkumbuki. Hakujua kwa nini mkono wake ulikuwa umelowa, wala kwa nini alikuwa analia. Alipangusa mkono kwenye gauni, akavuta mtandio afunike nywele, kwa sababu mwanamume mgeni alikuwa sebuleni kwake. Kisha jicho la fundi likamwonyesha kitu kimoja, na akafurahi kupata la kuzungumza.

“Jino zuri hilo la mbele,” akamwambia. “Namba tisa, bila kosa. Nani amekutengenezea?”

Mlango ulikuwa haujafungwa. Dada aliingia na kikapu chake, anahema, tayari ameshaanza kusema, “Mdogo wangu, hiyo harufu ya vyuma...” na hapo akamwona mdogo wake amesimama hana rangi, midomo na kucha kama karatasi, akafuata macho yake mpaka kwenye kioo. Kikapu kikamtoka mkononi.

“Shemeji!” alipiga ukelele. “Mungu wangu, shemeji!”

Mama Meno aligeuka, uso umemchangamka kama mwenye nyumba ambaye mambo yake yamerahisishwa.

“Kumbe mnafahamiana?” akasema. “Basi karibu ukae, dada. Mimi nilikuwa sijui hata nimwite nani.”